Hafla ya Kuonja Haimlishi Mtoto wa Newala

Hafla ya kuonja vyakula kwa hisani ni mkusanyiko ambao waalikwa hulipa kiingilio, huzunguka meza za wapishi wakionja hiki na kile, na mapato yake huahidiwa kwenda kwa watoto na familia zenye uhitaji. Mfano wake mashuhuri ulianzia Marekani. Shirika la Share Our Strength, lililoundwa mwaka 1984 wakati wa njaa ya Ethiopia, lilianzisha mwaka 1988 mfululizo wa hafla ulioitwa Taste of the Nation: wapishi wa mikahawa walijitolea kupika, wageni wakalipia kuonja, fedha zikaelekezwa kwenye vita dhidi ya njaa. Afrika Mashariki nayo ilikuwa na mila za jamii hiyo hiyo. Kuna harambee, kuna mnada wa mavuno kanisani, ambako kuku mmoja hununuliwa, hurudishwa na kununuliwa tena mpaka apite bei ya mbuzi, kuna chakula cha jioni cha hisani chenye mgeni rasmi, mshereheshaji na kadi za ahadi. Hafla ya kuonja ni mtoto wa mila hizo aliyevishwa nguo za hoteli.

Mikoa ya Kusini ya Tanzania hutajwa sana katika mazungumzo ya aina hii, kwa kuwa inaunganisha vitu viwili vinavyogusa hisia: korosho, ambayo hupendeza katika kila sahani, na mtoto mwenye udumavu, ambaye huhuzunisha kila anayemwona pichani. Masasi na Newala, wilaya mbili za huko, ni mahali pazuri pa kupimia kama hafla hiyo inafanya kazi inayodaiwa kufanya.

Maoni yaliyozoeleka

Wanaoitetea hafla ya kuonja hutoa hoja tatu. Ya kwanza ni ya fedha: haba na haba hujaza kibaba, na shilingi iliyotoka mfukoni mwa mwenye nacho ni bora kuliko shilingi ambayo haikutoka. Ya pili ni ya uelewa: mgeni anayeonja ming'oko, yaani viazi vya porini, au ugali wa makopa, yaani muhogo mkavu, kwa mara ya kwanza anaondoka akijua kwamba Newala ipo na kwamba ina watoto. Ya tatu ni ya mshikamano: kula pamoja ni tendo la udugu, na kutoa ni moyo, usambe ni utajiri.

Chini ya hoja hizo tatu kuna dhana ya nne isiyotamkwa sana, nayo ndiyo inayozibeba zote. Ni dhana kwamba mtoto wa nyanda za Makonde ana lishe duni kwa sababu kwao hakuna chakula cha kutosha, au kwa sababu mama yake hajui kukitumia. Kama tatizo ni upungufu, dawa yake ni kuongezewa. Kama tatizo ni ujinga, dawa yake ni kuelimishwa. Hafla ya kuonja huahidi vyote viwili kwa jioni moja.

Dhana hiyo si sahihi, na kwa kuwa si sahihi, hoja zilizojengwa juu yake hazisimami. Lishe ya mtoto wa Masasi na Newala huamuliwa na kalenda ya fedha ya korosho, na kazi na muda wa mama, na maji, na bajeti ya halmashauri. Hafla haigusi hata kimoja kati ya hivyo. Ubaya wake mkubwa ni kwamba huwaondoa mbele ya macho wale wanaopaswa kuulizwa.

Nchi yenye chakula

Newala imekaa ukingoni mwa nyanda za juu za Makonde, mahali ambapo ardhi hukatika ghafla katika mteremko unaoitwa Shimo la Mungu na kuacha bonde la Ruvuma na Msumbiji wazi mbele ya macho. Masasi iko magharibi, chini ya nyanda hizo, katikati ya milima ya mawe. Wamakonde, Wamakua na Wayao wa huko hulima muhogo, mahindi, mtama, mbaazi, kunde, choroko, njugu mawe, karanga na ufuta. Mboga ni kisamvu, majani ya kunde na ya maboga. Mwisho wa mwaka huja maembe, na pamoja na korosho huja mabibo, tunda lenye vitamini C nyingi kuliko chungwa, ambalo sehemu kubwa huishia kwenye pombe ya uraka au huozea chini ya miti. Orodha hiyo ina wanga, protini, mafuta na matunda. Mtaalamu wa lishe akipewa orodha hiyo bila jina la mahali, hatasema kwamba hapo hakuna chakula.

Takwimu za taifa zinathibitisha kwamba wingi wa chakula na afya ya mtoto ni mambo mawili. Utafiti wa Demografia na Afya wa mwaka 2022 uliwakuta na udumavu asilimia 30 ya watoto wa Tanzania walio chini ya miaka mitano, kutoka asilimia 34 mwaka 2015/16. Mikoa iliyoongoza kwa udumavu haikuwa ile yenye ukame. Iringa ilikuwa na asilimia 56.9, Njombe 50.4 na Rukwa 49.8, na hiyo ndiyo mikoa inayohesabiwa kuwa ghala la taifa. Kama magunia ya mahindi yangekuwa yanaondoa udumavu, watoto wa Nyanda za Juu Kusini wangekuwa warefu kuliko wote nchini.

Udumavu hujengeka tangu mimba mpaka siku ya kuzaliwa ya pili. Mtoto wa mwaka mmoja ana tumbo dogo. Hawezi kula ugali wa siku nzima kwa mkupuo mmoja. Anahitaji kulishwa mara tatu au nne, kwa uji mzito uliochanganywa na karanga, kunde, yai au dagaa, na mtu mwenye nafasi ya kukaa naye mpaka amalize. Anahitaji maji safi, la sivyo kuhara kutakitoa alichokula. Kwa hiyo swali la kuuliza Newala ni nani yuko nyumbani mchana, ana maji kiasi gani, na ana fedha mwezi gani.

Kalenda ya korosho

Jibu la swali hilo limo katika mwaka wa mkulima. Korosho huanza kuanguka Septemba au Oktoba na kuendelea mpaka kuelekea Januari. Tangu msimu wa 2007/08 huuzwa kwa stakabadhi ghalani: mkulima hupeleka mzigo kwenye chama chake cha msingi, unakwenda ghala kuu, unapigwa mnada chini ya vyama vikuu kama MAMCU upande wa Masasi na TANECU upande wa Newala na Tandahimba, kisha malipo huingia kwenye akaunti ya mkulima aliyesajiliwa. Karibu fedha zote za mwaka huingia katika wiki chache. Mvua huanza Novemba au Desemba, na palizi ya Januari mpaka Machi ndiyo kazi nzito kuliko zote. Miezi hiyo hiyo ghala la nyumbani limekwisha, mahindi mapya bado, na bei ya unga iko juu. Ndipo mama anapokuwa shambani tangu alfajiri na mtoto amebaki na bibi au dada yake mwenye miaka minane, akila uji mwepesi mara moja au mbili.

Hapo ndipo anapoingia kangomba, mnunuzi wa pembeni anayekopesha fedha au debe la unga wakati wa njaa na kulipwa korosho wakati wa mavuno, kwa bei ya kutupa. Serikali imempiga vita kangomba kwa miaka mingi kwa operesheni na uhakiki, kana kwamba ni tatizo la biashara haramu tu. Kwa familia ya mkulima, kangomba ni riba ya njaa ya Februari. Familia iliyouza mavuno kabla hayajakomaa inaingia msimu unaofuata ikiwa na fedha pungufu, na Februari nyingine inaikuta mahali pale pale.

Mazingira ya nyanda yenyewe yanaongeza mzigo. Udongo wa Makonde ni mchanga unaonyonya mvua mpaka kina kirefu, na chemchemi hutokea chini ya mteremko. Kwa vizazi vingi wanawake wa Newala walishuka bondeni kuchota na kupanda tena na ndoo kichwani. Mradi wa maji wa Makonde ulianza katika miaka ya 1950 kwa kuyasukuma maji juu ya nyanda, ukafuatiwa na misaada ya Finland tangu miaka ya 1970, na visima vya Mitema vimeendelea kuwa chanzo kikuu. Kila pampu inaposimama, saa za mama hurudi barabarani. Saa hizo hakuna mgeni wa hafla anayeweza kuzichangia kwa kununua tiketi.

Dhana ya ujinga

Wapo wanaokubali kwamba chakula kipo, lakini wakarudi kwenye ujinga: mama hajui kuchanganya vyakula, baba akipata fedha za korosho anazimaliza kwenye pikipiki na ngoma za unyago. Kejeli hii juu ya watu wa Kusini ni ya zamani, na hurudiwa hata na watu wenye nia njema wanapopanga somo la lishe kati ya kionjo kimoja na kingine.

Tukio la wilaya ya Masasi linatosha kuijibu. Mwishoni mwa miaka ya 1980, wakati wa upungufu wa chakula, watu wengi waliugua ghafla baada ya kula muhogo wenye sumu ya sayanidi ambayo haikutolewa vya kutosha. Uchunguzi wa mtafiti N. L. V. Mlingi na wenzake, akiwemo daktari wa Sweden Hans Rosling, aliyewahi kutibu na kuchunguza madhara ya muhogo kaskazini mwa Msumbiji, ulionyesha kilichotokea. Njia ya kawaida ya eneo hilo ni makopa: muhogo unamenywa na kuanikwa juani siku nyingi mpaka ukauke kabisa, na sumu inapungua. Njaa ilipobana, watu waliingia kwenye njia ya haraka iitwayo chinyanya: muhogo ukapondwa ukiwa mbichi, ukaanikwa kwa muda mfupi, ukapikwa. Wanawake wale walijua makopa kama walivyojua njia ya kisimani. Walichokosa ni siku za kusubiri.

Somo la lishe lingewaambia wanawake hao jambo walilolifahamu kuliko mwalimu. Ndivyo ilivyo pia kwa uji wa mtoto. Anayesema mama wa Newala hajui kwamba karanga na kunde zina nguvu, anapaswa kueleza kwa nini mama huyo huyo huzipika baada ya mavuno na kuziuza Februari. Anaziuza kwa sababu chumvi, sabuni, dawa na daftari vinanunuliwa kwa fedha, na karanga ndizo fedha pekee alizonazo mwezi huo.

Kuhusu baba na pikipiki, watu wa Kusini si wa pekee katika kutumia haraka fedha iliyokuja kwa mkupuo. Mfanyakazi wa Dar es Salaam anayepokea mshahara mara kumi na mbili kwa mwaka bado hukopa kabla mwezi haujaisha. Mkulima wa korosho hupokea mara moja au mbili. Tatizo la kipato cha msimu hutatuliwa kwa akiba, mikopo yenye riba nafuu na malipo yanayofika kwa wakati, wala si kwa mahubiri.

Hesabu

Hoja ya fedha ndiyo inayoaminiwa zaidi, kwa hiyo inafaa kupimwa kwa mizani yake yenyewe. Chukua mfano wa kukadiria. Hafla ya wageni 200, kila mmoja akilipa shilingi 100,000, inaingiza milioni 20. Ukumbi, vyombo, muziki, mapambo, usafiri na picha vikichukua nusu, zinabaki milioni 10. Wilaya yenye watoto 20,000 walio chini ya miaka mitano itapata shilingi 500 kwa kila mtoto, mara moja, na mwakani ianze kutafuta wadhamini upya.

Sasa ipimwe korosho. Tangu mwaka wa fedha 2017/18 ushuru wa halmashauri kwa mazao ya biashara ni asilimia 3. Kilo moja ikiuzwa shilingi 3,000, ushuru ni shilingi 90. Wilaya inayouza tani 10,000 kwa bei hiyo inakusanya shilingi milioni 900, sawa na mapato halisi ya hafla 90 kama ile ya mfano. Bei ya mnada ikipanda au kushuka kwa shilingi 100 tu kwa kilo, tofauti mikononi mwa wakulima wa wilaya hiyo ni shilingi bilioni moja, yaani hafla 100.

Serikali imekwisha kuweka kiwango. Halmashauri zinatakiwa kutenga angalau shilingi 1,000 kila mwaka kutoka mapato ya ndani kwa kila mtoto aliye chini ya miaka mitano, kwa ajili ya lishe. Wakuu wa mikoa walisaini mikataba ya lishe mwaka 2017, na mikataba mingine ikasainiwa mwaka 2022 mbele ya Rais Samia Suluhu Hassan. Shilingi 1,000 haijazi sahani ya mtu. Inalipia mizani, nauli ya mhudumu wa afya ngazi ya jamii, Siku ya Afya na Lishe ya Kijiji, ufuatiliaji wa mtoto aliyeacha kuongezeka uzito. Katika wilaya ya mfano, wajibu huo ni shilingi milioni 20, chini ya asilimia 3 ya ushuru wa korosho pekee. Fedha zipo wilayani, na zina anuani. Linalobaki ni kuuliza kama zimetengwa, kama zimetolewa, na zimetolewa mwezi gani.

Mtetezi wa hafla atasema kwamba haba na haba bado hujaza kibaba. Methali hiyo ni kweli kwa kitu kinachojazwa na kubaki kimejaa. Ndiyo sababu mbio za hisani za benki ya CRDB, zilizoanza mwaka 2020, zimeweza kusaidia upasuaji wa watoto katika Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete: upasuaji una bei moja na siku moja, na moyo uliozibwa tundu umezibwa. Kulisha ni gharama ya kila siku isiyokuwa na siku ya mwisho. Gharama ya kudumu inahitaji mapato ya kudumu, na mapato ya kudumu ni mauzo ya mkulima na kodi ya umma.

Iringa inafundisha jambo hilo kwa pande zote mbili. Mwaka 1983 Serikali, UNICEF na Shirika la Afya Duniani, kwa fedha za Italia, walianza mpango wa lishe katika vijiji 168. Watoto walipimwa uzito kila robo mwaka, matokeo yakajadiliwa na kijiji kizima, na kijiji kikaamua: kupunguza kazi za wajawazito, kuanzisha vituo vya kulelea na kulishia watoto mchana, kuwafuatilia walio hatarini. Kati ya 1984 na 1988 watoto wenye uzito pungufu wa kiwango kikali walipungua kutoka asilimia 6.3 hadi 1.8. Leo Iringa ndiyo inayoongoza kwa udumavu. Vipimo hivyo viwili si vya aina moja, lakini fundisho lake ni zito: hata mpango mkubwa uliofanikiwa hauilindi lishe ya kizazi kinachofuata usipokuwa na fedha na kikao cha kila robo mwaka. Kama mpango wa miaka mitano haukutosha, jioni moja haitatosha.

Mifano inayotolewa dhidi ya hoja hii

Mfano wenye nguvu kuliko yote unatoka Kenya. Mwaka 2012 Wawira Njiru, akiwa mwanafunzi wa lishe nchini Australia, aliandaa chakula cha jioni cha kuchangisha fedha, na kwa mapato yake akajenga jiko huko Ruiru lililolisha watoto 25. Kutokana na jiko hilo likazaliwa shirika la Food4Education, ambalo sasa hulisha mamia ya maelfu ya wanafunzi. Nani atasema tena kwamba chakula cha hisani hakimlishi mtoto?

Mfano huo unapaswa kusomwa mpaka mwisho. Chakula kile cha jioni kilizaa jiko la watoto 25. Watoto mamia ya maelfu walikuja baada ya shirika kuacha kutegemea chakula cha jioni. Mzazi analipa kiasi kidogo, mtoto anagusisha bangili yake ya kielektroniki na kupokea sahani. Mwaka 2023 Kaunti ya Jiji la Nairobi iliingia kwenye mpango huo kwa jina la Dishi na County, mzazi akilipa shilingi 5 za Kenya na kaunti ikibeba sehemu kubwa ya gharama kutoka bajeti yake. Hafla ilikuwa njiti ya kiberiti. Kinachopika kila siku ni kodi na mchango wa wazazi.

Share Our Strength nao walifika hapo hapo kwa njia ndefu zaidi. Baada ya miaka mingi ya kuonja, mwaka 2010 shirika lilianzisha kampeni ya No Kid Hungry, ambayo kazi yake kubwa ni kuhakikisha watoto wanafikiwa na mipango ya chakula ya serikali, hasa kifungua kinywa shuleni. Mama wa hafla za kuonja mwenyewe aligundua kwamba dola moja iliyotumika kufungua mlango wa bajeti ya umma hulisha watoto wengi kuliko dola iliyonunua chakula.

Masasi ina ushuhuda wake wa karibu zaidi. Misheni ya Anglikana ya UMCA ilifika Masasi mwaka 1876, na kwa miongo mingi zahanati na shule zake ziliendeshwa kwa sadaka za waumini wa Uingereza. Daktari Leader Stirling alikuja mwaka 1935 akafanya upasuaji Lulindi katika mazingira ya umaskini mkubwa wa vifaa. Mtu huyo aliyeijua sadaka kwa mikono yake aliingia katika siasa za Tanzania, na mwaka 1975 akawa Waziri wa Afya, katika miaka ambayo nchi ilikuwa ikisambaza zahanati na vituo vya afya vijijini kwa fedha za umma. Sadaka ilianzisha, nayo inastahili heshima yake, lakini kufika kila kijiji kulihitaji dola.

Serikali isipotimiza

Pingamizi la mwisho ni la kukata tamaa: serikali haitimizi, kwa hiyo bora hafla kuliko kusubiri. Wanaolitoa wana kumbukumbu za kweli. Juni 2018 Bunge lilibadili sheria na sehemu ya ushuru wa korosho zinazouzwa nje, iliyokuwa ikirudi kuendeleza zao, ikaelekezwa yote Mfuko Mkuu wa Serikali, licha ya wabunge wa Kusini kupinga. Novemba mwaka huo huo, wanunuzi walipotoa bei za chini, Rais John Magufuli aliwaondoa na kuagiza jeshi likusanye korosho kwa shilingi 3,300 kwa kilo. Malipo ya wakulima wengi yalichelewa mpaka mwaka uliofuata. Kabla ya hapo kulikuwa na viwanda 12 vya kubangua korosho vilivyojengwa Kusini na Pwani kwa mikopo, vikiwemo vya Masasi na Newala, ambavyo vingi vilifungwa au kugeuzwa maghala, huku korosho ghafi ikiendelea kusafirishwa kubanguliwa India na Vietnam.

Kumbukumbu hizo zinaithibitisha hoja ya makala haya. Uamuzi mmoja wa Juni na mwingine wa Novemba uligusa sufuria za Newala kuliko hafla zote zilizowahi kufanyika. Mwenye uchungu na mtoto wa Newala alipaswa kuwa na swali mwaka ule, na swali lenyewe lilikuwa la Bunge, la Bodi ya Korosho na la halmashauri. Hafla haiulizi swali hilo, wala haiwezi. Mgeni rasmi wake mara nyingi ni kiongozi wa umma, na pale anapokea makofi kwa kuahidi milioni mbili za mfukoni, wakati kazi yake ya siku nyingine ni kusimamia mabilioni ambayo hayajafika. Kenya ilikwishaona mwisho wa njia hiyo: Julai 2024, baada ya maandamano ya vijana, Rais William Ruto alitangaza kuwazuia watumishi wa umma kushiriki harambee, kwa kuwa ukarimu wa jukwaani ulikuwa umegeuka kichaka cha kuficha fedha na kununua sifa.

Sheria ya Tanzania inaliweka jambo hili bayana. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, katika kifungu cha 8, inataja chakula miongoni mwa haki ambazo mzazi au mlezi ana wajibu wa kuzitimiza, na sheria hiyo hiyo inazipa serikali za mitaa wajibu wa kulinda ustawi wa mtoto katika maeneo yao. Chenye mdai na mdaiwa kisheria hakiombewi kwa picha ya mtoto aliyevuliwa shati iliyotundikwa ukutani mwa hoteli. Kinadaiwa.

Hafla inabaki na kazi gani

Hoja hizi hazisemi kwamba mtu asile wala asichange. Zinasema hafla ipewe kazi inayoiweza. Ziko tatu.

Kwanza, ilipie vitu vya mara moja ambavyo bajeti huchelewa kuvinunua: jiko la shule na sufuria zake, tangi la kuvunia maji ya mvua kwenye zahanati ya juu ya nyanda, mizani ya kupimia watoto, mashine ya kusaga unga wenye karanga. Tangu elimu bila malipo ilipoanza Januari 2016, shule nyingi zilibaki bila chakula cha mchana kwa kuwa wazazi walielewa kwamba mchango umefutwa, na baadaye miongozo ikaurudisha kwa hiari kupitia kamati za shule. Penye jiko na maji, mchango wa wazazi una mahali pa kwenda. Wilaya za korosho zina njia rahisi kuliko nyingine: mkutano mkuu wa chama cha msingi ukikubali, makato madogo kwa kilo wakati wa mnada hununua mahindi na kunde yakiwa bado na bei nafuu, yakaliwa shuleni Februari.

Pili, hafla itangaze hesabu mbili kwa pamoja: ilichokusanya yenyewe, na kilichotengwa na kutolewa na halmashauri husika kwa ajili ya lishe mwaka huo. Mgeni akiziona namba hizo zikiwa bega kwa bega, ataondoka na uelewa ambao kionjo cha ming'oko hakiwezi kumpa. Mgeni rasmi naye atakuja akiwa amejiandaa.

Tatu, kuonja kuhamie kijijini. Vijiji tayari vina jiko darasa, ambako wazazi hupika pamoja kwa vyakula vya kwao na watoto wakala pale pale. Jiko darasa likiitishwa kama somo kwa wajinga, litarudia kosa lililokwisha kuelezwa. Likiitishwa baada ya kupima uzito, akina baba wakiwepo, na likafuatiwa na kikao kinachoamua nani atabaki na watoto wakati wa palizi na kiasi gani cha karanga hakitauzwa, litakuwa limefanya kile kilichofanya kazi Iringa. Mfadhili anayetaka kushuhudia anakaribishwa kwenye kikao hicho, na nauli yake ya kwenda Newala ihesabiwe kama kiingilio.

Hafla isiyoweza kutimiza hata moja kati ya hayo matatu ni karamu ya kawaida. Karamu si dhambi. Waandaaji wake waiite hivyo, walipe gharama zake, na wasiliweke jina la mtoto wa Newala kwenye kadi ya mwaliko.